Wananchi, Watawala na Jicho la Mgeni

Mhadhara uliotolewa Kiseke, Manispaa ya Ilemela, Mwanza



Wageni wanaofika Mwanza, awe daktari wa kujitolea pale hospitali ya Bugando, mtafiti wa samaki au mtalii anayepitia hapa kwenda Serengeti, huondoka na maneno yanayofanana. Watanzania ni watu wema, wakarimu, wapole. Kisha sauti inashuka kidogo: ila serikali yenu! Hapo zitafuata habari za urasimu, rushwa, uchaguzi, magazeti yaliyofungiwa. Wapo wageni waliopanga nyumba hapa hapa Kiseke, tunaonana dukani na kwenye daladala, nao husema hivyo hivyo kwa nia njema kabisa. Anayesema hivyo anaona ametutendea haki, kwa kuwa hakutubebesha sisi mizigo ya watawala wetu. Namshukuru kwa hilo. Duniani wako wengi ambao hata hapo hawafiki.

Lakini nimekuja kuwaambia kwamba mgawanyo huo wa watu huku na mfumo kule unaficha mengi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaweza kulisema jambo hili kwa ushahidi, kwa sababu tumetazamwa kwa jicho hilo, na sisi wenyewe tumewatazama wenzetu kwa jicho hilo hilo.

Nianze na filamu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu yake Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza na mwambao wa ziwa. Ilipata tuzo za Ulaya, ikapata César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huo huo ikateuliwa kuwania Oscar. Wengi wenu mmeisikia, wachache mmeiona. Inaonyesha ndege kubwa za mizigo, zile Ilyushin, zikitua kwenye uwanja wetu kuja kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Inaonyesha marubani kutoka Urusi na Ukraine, na wasichana waliokuwa wakikaa nao baa. Mmoja wa wasichana hao aliuawa na mteja wakati filamu bado inatengenezwa. Inaonyesha watoto wa mitaani wakivuta gundi. Na katikati ya yote linarudi swali: ndege hizi, kabla ya kubeba samaki, huja na nini? Huja tupu, au huja na silaha za vita vya Kongo na Angola?

Sauper alikuwa akishambulia mfumo, yaani biashara ya dunia inayochukua chakula kwa mwenye njaa na kukipeleka kwa aliyeshiba. Hakuwachukia watu wa Mwanza. Nikiitazama filamu naona kabisa kwamba aliwahurumia, na katika baadhi ya picha aliwapenda. Ila yeye mwenyewe ameeleza kwamba angeweza kutengeneza filamu ile ile Sierra Leone, ila badala ya samaki ingekuwa almasi, au Honduras, ingekuwa ndizi. Tafakarini maneno hayo. Kama watu wa Mwanza wanaweza kuondolewa kwenye picha, wakawekwa watu wa Honduras, na hadithi ikabaki ile ile, basi waliokuwa kwenye picha hawakuwa watu wa Mwanza. Walikuwa mfano wa jambo alilokuwa amekwisha kuliamini.

Chukueni mapanki. Kila aliyeishi Mwanza miaka ile ya tisini anayajua. Kisu cha kiwandani kinapita ubavu huu wa sangara, kinapita ubavu ule, minofu inakwenda kwenye barafu. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia. Malori yaliyatoa mapanki viwandani, akina mama wakayanunua, wakayaanika juani kwenye chanja, wakayakaanga, yakasambaa hadi mikoa ya mbali. Mtazamaji wa Paris aliona mabaki yenye funza na mama anayetembea katikati yake, akaingiwa na simanzi. Simanzi hiyo ilikuwa ya haki. Wapo Watanzania waliokula mapanki kwa sababu minofu ilikuwa inapanda ndege, na huo ni ukweli unaopasa kutuuma. Lakini yule mama alikuwa na hesabu kichwani. Alijua lori la leo limepanda bei kwa nini, nani kiwandani anapendelea wateja fulani, ushuru unakwenda wapi, mtaji amekopa kwa nani. Alikuwa na maoni makali juu ya viwanda na juu ya serikali iliyoviruhusu. Ungekaa naye kwenye kivuli cha chanja nusu saa angekueleza mfumo ule vizuri kuliko profesa. Filamu ilimpa nafasi ya kuhurumiwa. Nafasi ya kubisha haikumpa.

Sasa tazameni upande wa pili, maana hapo ndipo jambo linaponigusa zaidi. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hiyo hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Maandamano yalifanyika hapa Mwanza kuilaani. Mwandishi wa habari wa hapa aliyezungumza ndani ya filamu alijikuta akihojiwa na vyombo vya dola. Yaani filamu iliyoshambulia mfumo ilijibiwa kana kwamba imewatukana wananchi. Mgeni alikuwa amewatenga wananchi na mfumo ili awahurumie. Wakubwa wetu wakawarudisha wananchi ndani ya mfumo ili wawe ngao yao. Katika mivutano yote miwili yule mama wa mapanki hakuulizwa. Na ugomvi wenyewe ulihamia kwingine kabisa: mwanahistoria Mfaransa, François Garçon, aliandika kuipinga filamu, Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Wazungu wawili, Paris, wakigombea kilichotokea Mwanza.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ya maneno. Baada ya filamu, baadhi ya wanunuzi nchini Ufaransa waliacha kununua sangara. Filamu yenyewe haikuwaambia wasinunue. Dhamiri zao ndizo zilizowaambia. Hao walikuwa watu waliosema kwa dhati: tunawapenda watu wale, tunauchukia mfumo ule. Basi wakaupiga mfumo. Lakini mkono hauufikii mfumo bila kupita kwanza kwenye shingo ya mvuvi.

Tulikuwa tumekwisha kuliona hilo. Kipindi cha mwaka 1997 na 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzuia chakula si njia ya kuzuia ugonjwa huo. Mwaka 1999 wakazuia tena, safari hii kwa habari za wavuvi kutumia sumu kuvulia, na zuio hilo likazikumba Kenya, Uganda na sisi kwa pamoja hadi mwaka 2000. Wapo kweli waliotumia sumu, nao walistahili kukamatwa. Lakini walioumia hawakuwa wao peke yao. Kiwanda kikipunguza zamu, anayerudi nyumbani ni binti anayechuna ngozi ya samaki kwa ujira wa siku. Bei ikianguka mwaloni, mwenye mtumbwi na injini ya mkopo ndiye anayekosa mafuta ya kurudi ziwani. Aliyeandika tangazo la zuio hakuwa na ugomvi na mtu hata mmoja kati ya hao. Ndiyo maana naogopa mapenzi ya mgeni yanayokaa mbali. Asiye na ugomvi nawe hatafuti kujua kama umeumia.

Kuna nyakati mgeni alitutazama kinyume chake. Aliupenda mfumo wetu, akatusahau sisi. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, Tanzania ikawa mahali pa kuhiji kwa wasomi wa mrengo wa kushoto kutoka kila pembe ya dunia. Walikuja Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, wakafundisha na wakaandika, na miongoni mwao walikuwamo watu wakubwa kweli, kama Walter Rodney wa Guyana, ambaye kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoifukarisha Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa nasi. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa aliliona pendo hilo mapema, akalipa jina la Tanzaphilia, yaani mvuto wa kimahaba ambao Tanzania iliwatia walioijua kwa karibu. Wageni wale waliyasoma maandiko ya Mwalimu Nyerere wakaona tumaini la Afrika. Nami nasema maandiko yale yalistahili kusomwa.

Lakini Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikaingia Usukumani. Wazee mliomo humu hamhitaji kusimuliwa. Msukuma alikuwa anakaa kwenye mji wake, nyumba zimezungukwa na mashamba, zizi karibu, jirani umbali wa sauti. Akaambiwa ahamie kwenye mstari wa viwanja. Wengine walihamishwa nyumba ikiwa bado na akiba ya mtama ndani. Katika maandishi mengi ya wageni wa wakati ule, vijiji vipo, takwimu za vijiji zipo, Msukuma aliyekuwa anatazama zizi lake likibaki nyuma hayupo. Alikuwa amefunikwa na uzuri wa wazo.

Na bado msinielewe kwamba mfumo ni zimwi lisilo na uso. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Habari ilipofika juu, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa hakuwa yeye aliyeshika fimbo. Mgeni mwenye kauli ya "watu wenu wazuri, serikali yenu mbaya" atamweka wapi Mwinyi? Atawaweka wapi askari waliotesa, ambao nao walikuwa vijana wa Kitanzania, wana wa watu wale wale wapole? Hapa Kiseke serikali ni nani? Ni mtendaji wa mtaa, ambaye mama yake mnamjua. Ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kuamua ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mfumo umesimama kwa mikono yetu, na ukiharibika umeharibikia mikononi mwetu pia.

Nimesema sisi nasi tumewahi kuwa mgeni anayetazama. Septemba 1972 ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, zilipiga mabomu Bukoba na hapa Mwanza. Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera, yakaua, yakapora, yakabomoa. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, ilikuja kulenga hifadhi ya mafuta ya Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa pori waliokuwa wamehifadhiwa pale. Watu wa mji huu walikuwa na kila sababu ya kuwachukia Waganda.

Na hatukuambiwa tuwachukie. Redio Tanzania ilimtaja adui kwa jina moja, nduli Idi Amin. Ilikuwa vita dhidi ya nduli. Uganda ilikuwa nchi ya ndugu walioangukiwa na balaa. Najivunia jambo hilo hadi leo. Katika historia ya vita vya dunia si mara nyingi taifa lililovamiwa kuwafundisha watoto wake kwamba jirani si adui, adui ni aliyemtawala jirani. Meli ziliporudi kufanya safari kati ya Mwanza na Port Bell, Mganda aliyeshuka gatini hapa hakuwa na haja ya kuficha lafudhi yake.

Ila kuna Masaka. Mwishoni mwa Februari 1979 jeshi letu liliuteka mji huo, na Mbarara vilevile, na miji hiyo ikabomolewa vibaya kulipiza kilichotendwa Kagera. Nyumba zilizoanguka hazikuwa za nduli. Zilikuwa za wauza duka, za walimu, za watu wengi ambao miezi hiyo hiyo walikuwa wakiomba Mungu Watanzania wafike haraka. Nalisema hili nikiwa Mtanzania ninayeliheshimu jeshi lililotuokoa, na ninalisema kwa sababu tusipolisema sisi tutakuwa tunamdai mgeni usafi ambao hatukuwa nao. Kauli ya redioni ilikuwa ya kweli. Kombora likishatoka kwenye mtutu halikumbuki kauli.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kilichofanya upambanuzi wetu juu ya Uganda uwe na uzito kuliko huu tunaofanyiwa sisi. Serikali ya Mwalimu iliwajua Waganda kwa majina na kwa siasa zao. Obote, aliyekuwa Rais wa Uganda, alikuwa anaishi Dar es Salaam tangu alipopinduliwa mwaka 1971. Wapiganaji wa Kiganda, kina Tito Okello na Yoweri Museveni, walikwenda vitani pamoja na wetu. Machi 1979 vikundi vya Waganda vilikutana Moshi, wakabishana, wakakaribia kushindwana, ndipo wakaunda umoja wao. Tuliposema Waganda si Amin tulikuwa tunajua Waganda wanataka nini, nani anamwamini nani, nani hamtaki nani. Yaliyofuata Uganda baada ya pale yalikuwa machungu, na Tanzania inayo sehemu yake ndani ya machungu hayo. Lakini hatukuwatazama kama watu wasio na mawazo wanaongoja kuhurumiwa.

Hicho ndicho ninachomdai mgeni. Hujawajua wananchi wa nchi mpaka ujue wanabishana nini wao kwa wao. Ukarimu unaonyeshwa kwa siku moja. Sahani ya ugali na sato inatosha. Ubishi unahitaji ukae, ujue lugha, uvumilie kusikia mambo ambayo hukuyafuata.

Neno linaloniumiza kuliko yote ni hilo la upole. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa ya nchi hii, Mwanza ikiwemo. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Watu walikufa, na katika ukumbi huu wamo walioguswa na vifo hivyo. Nawapa pole kutoka moyoni. Sikuja kuamua hapa nani alikosea wapi, ingawa kila maiti ina haki ya kujibiwa. Naomba mtazame namna tulivyoelezwa. Vyombo vya nje viliandika kwa mshangao: Tanzania, nchi ile tulivu! Na ndani, wakubwa wetu, Rais akiwa miongoni mwao siku ya kuapishwa Novemba 3, wakasema kwamba baadhi ya waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana, kumbe zimeshika mkia mmoja. Ya kwanza inashangaa kuona Mtanzania ana hasira ya kisiasa. Ya pili inaitafutia hasira hiyo mzazi wa ng'ambo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokubali kwamba kijana wa Buzuruga au wa Igoma anaweza kukaa, akafikiri juu ya nchi yake, akafikia uamuzi wake, uwe mzuri au mbaya.

Anayejua historia ya mkoa huu asingeshangaa. Miaka ya hamsini, chini ya Mwingereza, mkulima wa pamba wa Usukumani alikuwa akipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, anapimiwa, anaambiwa uzito ambao mgongo wake uliobeba gunia uliona kabisa ni pungufu. Wakulima hawakuchoma ghala. Waliweka wapimaji wao, wakawalipa wenyewe, wakasimama na mizani yao pembeni ya mizani ya mnunuzi ili mzigo upimwe mara mbili. Kutokana na wapimaji hao na vyama vidogo vidogo vilivyofuata kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955 hapa Mwanza, chini ya kijana Paul Bomani, na kwa muda mfupi kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Serikali ya mkoloni ilikuwa imekwisha kutishika na mwamko huo. Iliizuia TANU, chama cha kupigania uhuru, isifanye kazi Usukumani, tangu mwaka 1954 hadi 1958, wakati huko kwingine nchini ilikuwa inaandikisha wanachama mchana kweupe.

Mwaka 1958 serikali hiyo ikataka kuwawekea watu wa Geita baraza la wilaya la rangi zote, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangekuwa na viti bila watu kuulizwa. Watu wa Geita wakakataa. Waliacha mashamba, wakaja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakakaa siku kadhaa hawataki kuondoka, mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Walirudi makwao, na baraza lile halikuendelea; mkoloni akaachana na mpango huo, na TANU ikaruhusiwa Usukumani. Mgeni akiniuliza watu wa huku ni watu wa namna gani, simwelezi ukarimu wetu, atauona mwenyewe. Namweleza Geita, na namweleza wale wapimaji na mizani yao.